Nani Alisema, Lini, na kwa Ajili ya Nani: Kuvifikia Vyanzo vya Vita vya Majimaji

Mwanafunzi anayeanza kuandika kuhusu Vita vya Majimaji, maasi yaliyoanza mwaka 1905 dhidi ya utawala wa Wajerumani Tanganyika, hukutana mapema na hesabu mbili za waliokufa. Moja ni 75,000, hesabu iliyotolewa na Wajerumani wenyewe. Nyingine ni kati ya 250,000 na 300,000, makadirio ya mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyeona kuwa huenda theluthi nzima ya watu wa maeneo yaliyopigana iliangamia. Tofauti ya hesabu hizi haipungui watu 175,000, watu wa vijiji vizima vya Umatumbi, Ungoni, Liwale na Mahenge. Hata hivyo, katika tasnifu nyingi mwandishi huchagua hesabu moja, huitia tanbihi, kisha husonga mbele kana kwamba jambo limekwisha. Utafiti ulitakiwa uanzie hapo hapo.

Hakuna aliyezunguka porini mwaka 1905 na 1906 akihesabu maiti. Hapakuwa na sensa ya kweli kabla ya vita, kwa hiyo hata ofisa mwaminifu kuliko wote asingeweza kusema kwa hakika ni wangapi waliopungua. Lakini tazama jinsi serikali ile ile ilivyowajua waliokufa upande wake: Wazungu 15 na askari Waafrika 389. Askari alikuwa na jina kwenye daftari la mishahara, na kifo chake kilipaswa kuandikwa. Mkulima wa Kilwa au Songea hakuwa kwenye daftari lolote la namna hiyo, na kifo chake kikaingia kwenye makadirio ya jumla. Gwassa kwa upande wake alifanya kazi miaka ya 1960, akiwasikiliza wazee na kupima pia njaa iliyofuata baada ya jeshi la kikoloni kuchoma maghala na mashamba. Hesabu ya kwanza ni ya dola iliyokuwa ikilieleza bunge lake vita ambavyo tayari vilikuwa vimeitia aibu. Ya pili ni ya msomi wa nchi huru aliyetaka kujua gharama yote, pamoja na waliokufa kwa njaa bila kuguswa na risasi. Anayezinukuu bila kusema hayo anamnyima msomaji nusu ya habari.

Darasani tunafundishwa kwamba chanzo cha msingi ni kile kilichotoka kwa mtu aliyekuwapo, au kilichoandikwa wakati wa tukio: barua, ripoti, shajara, picha, hukumu ya mahakama, daftari la kodi, masimulizi ya aliyeona kwa macho yake. Chanzo cha upili ni kazi ya mtu aliyekuja baadaye, akavikusanya vile vya kwanza, akavilinganisha na kuvifafanua. Kuna pia kundi la tatu, la kamusi elezo na vitabu vya kiada, ambavyo vinafupisha yale yaliyokwisha kuandikwa na wengine. Fasili hizi zinatosha kuanzia. Hatari yake ni kumfanya mtafiti aamini kwamba kila karatasi ina muhuri wake wa kudumu: hii ya msingi, ile ya upili, na kwamba ya msingi ni ya kweli kuliko nyingine.

Kinachoamua ni swali unalouliza. Chukua makala ya John Iliffe ya mwaka 1967 katika jarida la Journal of African History, kuhusu jinsi Majimaji ilivyopangwa na kuenea. Anayetaka kujua kilichotokea mwaka 1905 ataisoma kama chanzo cha upili, tena kizuri. Lakini anayetaka kujua jinsi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilivyoifikiria historia ya taifa changa miaka michache baada ya uhuru, makala hiyo hiyo kwake ni chanzo cha msingi. Ni ushahidi wa wakati wake. Karatasi haijabadilika hata nukta.

Mfano mzito zaidi ni kitabu cha Gustav Adolf von Götzen. Huyu ndiye aliyekuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Wajerumani kuanzia 1901 hadi 1906, na mwaka 1909 alichapisha mjini Berlin kitabu kuhusu maasi hayo, Deutsch-Ostafrika im Aufstand 1905/06. Kwa fasili ya darasani ni chanzo cha msingi pasipo shaka: mwandishi alikuwapo, alitoa amri, alisoma ripoti za makamanda wake. Lakini aliandika baada ya vita, akiwa amekwisha kurudi kwao, na jina lake likiwa hatarini. Mashamba ya pamoja ya pamba, ambayo watu walilazimishwa kuyalima kwa malipo duni, yalikuwa mpango wa serikali yake. Endapo pamba ndiyo iliyowasha moto, lawama inamrudia yeye. Ndiyo maana kitabu chake kinaelekeza vidole kwa waganga na imani zao, na si kwa jembe na kodi. Kuhusu sababu za vita, kitabu hiki ni utetezi wa mshtakiwa. Kuhusu kile ambacho watawala walitaka Wajerumani wenzao wakiamini, hakuna ushahidi bora kuliko huo.

Na bado, ndani ya kitabu hicho hicho kuna jambo linalomshuhudia mwenyewe vibaya. Kapteni Wangenheim, mmoja wa makamanda wa vita, aliandika mwaka 1905 kwamba kwa maoni yake ni njaa na dhiki tu zitakazowafanya watu wasalimu amri kabisa, na kwamba mapigano peke yake hayatatosha. Gavana aliyaweka maneno hayo kwenye kitabu chake. Hapa mtafiti anapaswa kusimama na kusoma polepole. Mtu anaposema jambo linalomnufaisha, tunalipima mara mbili. Anaposema linalomdhuru, au ambalo hajui kuwa litakuja kumdhuru, uzito wake unaongezeka. Götzen hakuona aibu kuyachapa maneno yale, kwa kuwa wasomaji wake wa 1909 wasingeyaona kuwa ushahidi wa jinai. Sisi tunaona. Chanzo kimoja kinadanganya ukurasa huu na kusema kweli ukurasa ule, na kazi yetu ni kujua kwa nini.

Upande wa pili kuna sauti za wapiganaji wenyewe na watoto wao. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walitumwa katika maeneo ya vita, wengi wao maeneo ya kwao, wakakaa na wazee na kuandika waliyoyasikia. Ripoti zao zilikusanywa kama karatasi za Mradi wa Utafiti wa Majimaji. Miaka hiyo hiyo Gwassa na Iliffe walitoa kijitabu chao, Records of the Maji Maji Rising, kilichoweka masimulizi ya wazee kando ya nyaraka za Wajerumani. Ninaitazama kazi ile kwa heshima kubwa. Wazee wale walikuwa wanaondoka mmoja mmoja, na kama vijana wale wasingeenda, leo tungekuwa tunaisoma Majimaji kwa kalamu ya Götzen na wenzake tu.

Heshima hiyo haituzuii kuuliza maswali. Mzee aliyehojiwa mwaka 1968 alikuwa anazungumzia mambo ya miaka 63 iliyopita. Kama aliyaona mwenyewe, aliyaona akiwa mtoto au kijana mdogo. Kama aliambiwa, aliambiwa na nani? Kati ya tukio na mahojiano palikuwa pamepita utawala mwingine wa kigeni, chama cha TANU, na uhuru. Mwaka 1956 Julius Nyerere alikuwa amekwisha kuitaja Majimaji mbele ya Umoja wa Mataifa kama ushahidi kwamba watu wa Tanganyika hawakuwahi kuukubali utawala wa kigeni. Mzee wa Umatumbi aliyesikiliza redio na mikutano ya hadhara alijua kwamba vita vya babu zake sasa ni heshima ya taifa. Hii haina maana kwamba alisema uongo. Ina maana kwamba kumbukumbu yake ilikuwa imepata sababu mpya za kukumbuka baadhi ya mambo na kuyaacha mengine. Tena aliyehojiwa aliongea Kimatumbi, Kingoni au Kiswahili, na ripoti kwa sehemu kubwa zikaandikwa kwa Kiingereza. Maneno tunayoyanukuu leo yamepita kwenye masikio ya mwanafunzi, kalamu yake, na lugha ya tatu.

Habari za Kinjikitile Ngwale zinaonyesha jambo hili waziwazi. Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anamjua: mtu wa Ngarambe aliyechukuliwa na mzimu, akazama kwenye maji, akatoka siku ya pili nguo zake zikiwa kavu, akawapa watu maji ya kuwakinga na risasi. Sehemu kubwa ya simulizi hii imetufikia kupitia wazee walioongea na Gwassa na wenzake. Upande wa Wajerumani tunapata kunyongwa kwa waganga pale Mohoro, tarehe 4 Agosti 1905, bila maisha ya mtu wala mafundisho yake. Anayeandika sentensi moja ikiwa na mzimu, maji na tarehe ya kunyongwa ameunganisha vyanzo viwili vya asili tofauti kabisa, kimoja cha kumbukumbu ya imani na kimoja cha kumbukumbu ya boma. Kuunganisha kunaruhusiwa, mradi msomaji aonyeshwe mshono ulipo.

Kisha kuna tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969. Ni kazi ya sanaa ya hali ya juu, na mwandishi mwenyewe alionya katika utangulizi wake kwamba mhusika wake ni kiumbe cha ubunifu, asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia. Onyo hilo linapuuzwa kila mwaka. Nimesoma kazi za wanafunzi ambamo mashaka ya Kinjeketile wa jukwaani, yale mateso yake ya kutojua kama neno alilotoa bado ni lake, yanaandikwa kama habari za mtu aliyeishi Ngarambe mwaka 1905. Tamthilia haiwezi kutueleza alichowaza mtu wa Ngarambe. Inaweza kutueleza vizuri sana jinsi msomi wa Dar es Salaam, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, alivyowaza kuhusu uongozi, umoja na nguvu ya neno. Tatizo ni swali lililopelekwa mahali pasipo lake.

Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini unadai usomaji wa aina nyingine. Ni kazi ya mtu wa Lindi aliyeishi wakati wa vita, kwa Kiswahili, na ulichapishwa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley. Watafiti wengi huupita kwa sababu ni ushairi. Mimi nauona kuwa miongoni mwa vyanzo vyenye thamani kubwa tulivyo navyo, kwa kuwa ni sauti ya Mwafrika wa wakati ule ambayo haikupitia kwa karani wa boma wala mahojiano ya 1968. Lakini macho yake ni macho ya mtu wa mji wa pwani, Mwislamu, anayewatazama watu wa bara waliokuwa wakishuka na silaha. Mshairi ana kaida zake za kufungua na kufunga, ana vina vya kutimiza, na ana wasikilizaji wa kwao Lindi anaowajua. Anayeutumia bila kujua kanuni za utenzi atadhani kila alichokuta ni habari, na kumbe pengine ni desturi ya fani.

Sasa, vitu hivi vinapatikanaje? Ushauri ninaoutoa huwashangaza wengi, kwa kuwa wameaminishwa kwamba mtafiti wa kweli huanzia kwenye nyaraka. Anza na vya upili, tena vile vipya. Kwa Majimaji, mkusanyiko uliohaririwa na James Giblin na Jamie Monson mwaka 2010 ndio mlango mzuri zaidi, kwa sababu waandishi wake wameishi na vyanzo hivi muda mrefu na wanajadiliana na wale wa miaka ya 1960 kwa heshima bila woga. Kutoka hapo rudi nyuma kwa makala ya Monson ya 1998, iliyoonyesha jinsi siasa za majirani na mapatano ya zamani yalivyoamua nani apigane na nani asimame kando. Soma za Thaddeus Sunseri, ambaye aliutazama Uzaramo kupitia mambo ambayo wengine hawakuyaona kuwa ya vita: wanaume walioondoka kutafuta kazi, wanawake walioachiwa mashamba, nguruwe mwitu walioharibu mazao. Soma ya Felicitas Becker ya 2004 kuhusu wafanyabiashara na wakubwa wa vijijini kusini mashariki. Hutazisoma ili uzikubali tu. Utazisoma na kidole kwenye tanbihi.

Tanbihi ni anwani. Sunseri anapotaja jalada, anakuambia liko jengo gani, kundi gani, namba ngapi. Mtafiti mwenye subira huchukua makala tatu zinazozungumzia wilaya moja, huandika kila jalada lililotajwa, kisha huona jambo la ajabu: yapo majalada ambayo kila mtu ameyatumia, na yapo ya jirani yake, yenye namba zinazofuatana, ambayo hayatajwi popote. Mara nyingi mambo mapya yamelala humo.

Majalada yenyewe yako sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Humo kuna kumbukumbu za utawala wa Kijerumani, ambazo namba zake huanza na herufi G, na ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 1997 kwenye orodha yake ya Kumbukumbu za Dunia. Wataalamu wa nyaraka kutoka Marburg walizitengenezea orodha iliyochapwa, na ni hasara kwenda Upanga kabla ya kuitazama orodha hiyo. Nenda na barua ya chuo, kibali kilichokamilika, na orodha ya namba unazotaka. Anayefika kaunta akisema anatafuta mambo ya Majimaji anampa mhudumu kazi isiyowezekana, maana karani wa Kijerumani hakupanga faili zake kwa mada zetu. Alizipanga kwa idara: kodi, kazi, misitu, pamba, mahakama. Sababu za vita zimo kwenye jalada la kilimo, na matokeo yake yamo kwenye jalada la kodi zisizolipwa. Hapo ndipo kazi ya nyaraka inapodai akili: kujiuliza ni ofisi gani ingelazimika kuandika kuhusu jambo ninalolitafuta, na kwa sababu gani.

Sehemu ya pili ni Berlin, kitongoji cha Lichterfelde, kwenye Nyaraka za Shirikisho la Ujerumani, ambako kumbukumbu za Ofisi ya Makoloni zimehifadhiwa katika kundi la R 1001. Zamani zilikuwa Potsdam, ndani ya Ujerumani Mashariki, na mtafiti wa miaka ya 1960 alilazimika kusafiri. Sasa majalada mengi ya kundi hili yamepigwa picha na yanasomeka kwenye intaneti bila malipo. Ni mabadiliko makubwa kwa mwanafunzi wa Mtwara au Iringa, na inanisikitisha kuona jinsi yanavyotumiwa kidogo. Kizuizi si nauli tena. Kizuizi ni Kijerumani, na mwandiko wa kale wa Kijerumani, ambao hata Mjerumani wa leo huusoma kwa shida. Vyuo vyetu vinavyofundisha historia ya miaka 30 ya utawala huo bila kumfundisha mwanafunzi hata mmoja kuusoma mwandiko wake vinamwacha nje ya mlango uliokwisha kufunguliwa. Na ijulikane pia kwamba nyaraka nyingi za kijeshi za Ujerumani ziliteketea Potsdam kwa mabomu mwezi Aprili 1945. Anayetafuta historia ya vita atakutana na pengo ambalo hakuna bidii itakayoliziba.

Asiyejua Kijerumani hana sababu ya kukata tamaa. Wamisionari wa UMCA walikuwa Waingereza, na kituo chao cha Masasi kilishambuliwa Agosti 1905. Karatasi za umisheni huo ziko Oxford na zimeandikwa kwa Kiingereza. Wabenediktini waliandika kwa Kijerumani, na wao walipata pigo lao wenyewe: askofu wao Cassian Spiss aliuawa Agosti 1905 pamoja na mabruda wawili na masista wawili, na Peramiho ikachomwa. Kumbukumbu zao ziko St. Ottilien huko Bavaria. Msomaji wa barua za misheni akumbuke kwamba mmisionari aliandika pia kwa ajili ya wafadhili nyumbani, ambao walitaka habari za hatari na za wokovu. Ila mmisionari alikaa mahali pamoja miaka mingi, alijua lugha, alijua nani ni mjomba wa nani. Ofisa wa boma alihamishwa kabla hajajifunza kusalimia.

Vitabu vya wilaya vya wakati wa Mwingereza, vilivyomo pia Nyaraka za Taifa, vinahitaji uangalifu. Maafisa wa miaka ya 1920 na 1930 waliandika humo historia za makabila, wakitaja Majimaji, kwa kuwauliza wazee na machifu. Walikuwa wakitafuta nani apewe uchifu chini ya mfumo wa utawala usio wa moja kwa moja, na wazee walijua kinachotafutwa. Ukoo uliotaka kiti ulikuwa na kila sababu ya kueleza wazi au kuficha upande uliosimama mwaka 1905. Heri zaidi, kwa Liwale, ni makala ya R. M. Bell ya mwaka 1950 katika Tanganyika Notes and Records, iliyoandikwa kabla Majimaji haijawa hadithi rasmi ya taifa.

Magazeti nayo yapo. Deutsch-Ostafrikanische Zeitung lilikuwa gazeti la walowezi, lenye ugomvi wake wa mara kwa mara na serikali. Kwa hiyo lawama zake dhidi ya gavana zipimwe kama lawama za mlowezi anayetaka vibarua. Kiongozi, gazeti la Kiswahili lililotolewa na shule ya serikali Tanga, liliandikwa na Waafrika waliosomeshwa na Wajerumani. Usitegemee kukuta humo mtu akiusifu uasi. Tazama badala yake kinachonyamaziwa, na tarehe za kunyamaza.

Neno moja kuhusu intaneti na programu za akili mnemba, kwa kuwa sasa ndiyo mlango wa kwanza wa wengi. Kitabu cha Götzen kinaweza kupakuliwa bure. Makala nyingi za majarida zinafikiwa kupitia maktaba za vyuo, na mwandishi mwenyewe akiandikiwa kwa adabu mara nyingi hutuma nakala. Hizo ni neema. Lakini programu inayojibu maswali inaweza kukutungia makala isiyokuwapo, yenye jina zuri, mwandishi wa kweli na mwaka unaowezekana, na kuiweka kwenye orodha ya marejeleo bila kusita. Kanuni ninayoishika ni nyepesi: sitaji nisichokishika mkononi au kukiona kwa macho, ukurasa ukiwa wazi. Nikikiona kwenye kitabu cha mwingine, nasema nimekiona huko. Kunakili tanbihi ya Gwassa kana kwamba umelifikia jalada wewe mwenyewe ni wizi wa safari ya mtu, na mara nyingi makosa ya kunakili ndiyo yanayomuumbua mwizi.

Baada ya vyanzo vyote hivi bado kuna watu hawasikiki. Wanawake wametajwa na Wajerumani kama mateka na wakimbizi. Wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi hawana hata ripoti. Askari Waafrika, ambao wengine walitoka mbali, wamebaki idadi na vyeo. Kuwapata kunahitaji kusoma chanzo kwa swali ambalo mwandishi wake hakulifikiria. Ripoti ya ofisa inayosema kikosi kilichukua wanawake na mbuzi katika kijiji fulani iliandikwa ili kuonyesha mafanikio. Msomaji wa leo anaweza kuitumia kuandika historia ya ndoa, ya utumwa wa vita, na ya mashamba yaliyokosa wa kuyalima msimu uliofuata. Sunseri alifanya hivyo kwa majalada ya kilimo na kwa karatasi za 1968, ambazo wengine walikuwa wamezipita wakitafuta majina ya viongozi.

Songea kazi hii inaendelea mbele ya macho yetu. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga pale zaidi ya watu 60, machifu, manduna na wapiganaji, na kila mwaka siku hiyo hukumbukwa kwenye makumbusho yaliyojengwa penye kaburi la pamoja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake, ana kaburi la peke yake. Ukoo wake unasema kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea tarehe 1 Novemba 2023, akaomba radhi, akakutana na familia, na akaahidi kwamba Ujerumani itasaidia kukitafuta kichwa hicho, bila kuahidi kuwa kitapatikana. Hapa vyanzo vya aina zote vinakutana mezani. Kuna masimulizi ya ukoo, yaliyopokezwa vizazi vinne au vitano. Kuna rejista za makumbusho ya Berlin, ambamo kila kilichopokelewa kiliandikwa namba, mahali kilipotoka na aliyekileta, mara nyingi kwa maneno machache yasiyotaja jina la mtu. Kuna barua za maofisa waliokusanya mafuvu kwa ajili ya wanasayansi wa wakati ule. Mtafiti atakayeilinganisha tarehe ya kuingia kwenye rejista na orodha ya maofisa waliokuwa Songea mwaka 1906, kisha akarudi kwa wazee wa ukoo kuuliza walisikia nini, kutoka kwa nani na lini, atakuwa anafanya kazi yenye watu wanaoisubiri. Na aanze na wazee, kwa kuwa rejista ya Berlin mwakani itakuwapo bado.